Kwa mwenye mtoto, rafiki au rumeti anayerudi chuo akitokea soba: siku ya boom msimuache peke yake

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeukalia muda mrefu ila leo naandika maana vyuo vinafungua na boom (hela ya mkopo ya kujikimu) liko njiani, na najua kuna vijana wiki hii hii wanarudi chuo wakitokea soba hausi (nyumba za kuachia pombe na dawa za kulevya), wengine wamepoteza mwaka mzima, na nyumbani watu wanashukuru Mungu wakidhani kazi imeisha. Kazi ndo inaanza hapo.

Mimi nilikuwa mlevi. Simaanishi kunywa kwenye sherehe, namaanisha kuamka saa kumi na moja alfajiri mikono inatetemeka unapapasa chupa chini ya godoro kabla hata hujapiga mswaki. Viroba nilianza navyo fomu sikisi, vilivyopigwa marufuku Machi 2017 mi nilishazoea tayari nikahamia chupa. Mwaka wa pili chuoni hapa Dar (chuo sitataja) nikawa siingii vipindi, nikakeri masomo matatu (nilifeli, nikatakiwa kuyarudia), baba mdogo akaja kunichukua nimelala kwenye korido ya hosteli. Nikapelekwa hospitali kwanza, halafu soba hausi miezi minne.

Nikarudi chuo nimenenepa, macho meupe, kila mtu ananipongeza. Nilidumu wiki tatu.

Watu walisema hana nia, hajaamua kuacha. Nia nilikuwa nayo jamani, nililia nayo usiku. Ila sikilizeni nilirudi kwenye nini. Nilipangwa chumba cha watu wanne, washkaji safi kabisa hawana ubaya na mtu, ila Ijumaa kreti lilikuwa linakaa chini ya kitanda cha mwenzangu na mimi nalala kitanda cha juu yake. Ofisini nilikopeleka barua ya kurudi masomoni yule aliyepokea aliisoma kwa sauti mbele ya foleni, "oohh huyu alikuwa matibabu ya ulevi", watu wakageuka wote. Kuanzia hapo nikawa sitaki kuonekana, nashinda chumbani, na chumbani ndo kuna kreti.

Halafu boom. Enzi hizo ilikuwa buku nane mia tano kwa siku, siku sitini zinalipwa kwa mkupuo, laki tano na kumi. Ujumbe wa benki uliingia saa nne asubuhi niko darasani, lekcha wa takwimu anaandika ubaoni. Niliisoma ile namba mate yakanijaa mdomoni. Nasema ukweli, mate. Sikuwa nimewaza pombe asubuhi ile kabisa, nilikuwa nimekunywa chai na chapati mbili vizuri tu, ila mwili ulikuwa unaijua ile siku kuliko mimi. Saa nane mchana niko grosari. Saa mbili usiku sikumbuki. Hela iliisha kwa siku sita.

Niliporudi mara ya pili, mwaka uliofuata, mambo yalibadilika na sio kwamba mimi nilikuwa jasiri zaidi. Kadi ya benki alikaa nayo dada yangu, ananirushia elfu hamsini kila Jumatatu kwenye simu. Nililala getho na jamaa wawili wa kozi moja hawanywi, mmoja msabato mmoja hapendi tu. Na kulikuwa na msichana mmoja wa darasani kwetu, wala hakuwa mpenzi wangu, kila siku saa mbili usiku ananitumia meseji moja: "Umekula?" Hakuwahi kuniuliza "umekunywa?" hata siku moja. Mwaka mzima.

Sijagusa pombe huu mwaka wa tano sasa, nimemaliza chuo. Ulizeni chochote.

#2

Pole sana mkuu na hongera. Ila tuwe wakweli, teja ni teja, mlevi ni mlevi. Nimesoma na jamaa tumemchangia kwenda soba mara mbili akarudi kule kule. Mikopo ni kodi zetu, kwanini asipewe mwingine anayetaka kusoma?

#3 Mleta uzi

Nakuelewa na inauma kuchangia mtu akakuangusha, ndugu zangu mimi niliwaangusha hivyo hivyo. Ila mwenye sukari akipanda sukari mara ya pili hatusemi tusimpeleke tena hospitali. Ulevi ni ugonjwa unaorudi, na kila mara ukirudi kuna kitu umejifunza. Mimi ile mara ya kwanza ndo ilinifundisha habari ya kadi ya benki. Huyo jamaa yenu mlimchangia kwenda, nakuuliza kwa nia njema kabisa, aliporudi alilala wapi na nani? Maana mara nyingi mchango unaishia getini pale soba hausi, siku anatoka hakuna hata mtu wa kumpokea stendi.

#4 Mama Tanga

Mwanangu nimesoma nikatoa machozi. Mimi si mtu wa mitandaoni sana, binti yangu ndo kanionyesha. Mtoto wangu wa kiume yuko mwaka wa pili, alikuwa anakunywa na bangi juu yake. Amekaa soba miezi mitano na Jumatatu anapanda basi kurudi Dar. Sijui nimwambie nini. Baba yake anataka kumwita wazee wamkalishe waongee naye kabla hajaondoka. Na jirani yangu amenipa vidonge anasema nivisage nimuwekee kwenye chai akinywa pombe atatapika mpaka ataichukia. Nishauri mwanangu.

#5 Mleta uzi

Shikamoo mama. Hivyo vidonge usiweke popote, subiri kuna muuguzi humu anaingiaga usiku atakuelezea vizuri kuliko mimi.

Habari ya wazee, mama, mimi nilikalishwa mara tatu. Nilitoka pale nimeinamisha kichwa na kiu imeongezeka, maana kila mzee anafungua faili kuanzia ulipoiba redio. Kama baba anataka kuongea naye basi wampeleke stendi wawili tu, baba na mtoto, na kwenye safari wapange vitu vya kushika mkononi. Atalala wapi. Kadi itakaa kwa nani. Jumamosi atahudhuria mitingi gani ya walioacha. Akisikia kiu saa nne usiku atampigia nani na huyo mtu anajua kwamba atapigiwa?

Hilo la kadi lisifanywe kwa kumvizia mama. Akubali mwenyewe. Ukimnyang'anya atakopa mtaani kwa kulipa boom likiingia, nimeyaona. Mimi nilimkabidhi dada yangu kwa mkono wangu nikamwambia hata nikikulilia usinipe.

#6 Muuguzi

Nimeingia. Mama nakuomba hivyo vidonge kesho virudishe kwa jirani au vipeleke hospitali. Nahisi ni disulfiramu. Ni dawa halali ya kumsaidia mtu aliyeacha pombe ila anapewa na daktari baada ya kupimwa na YEYE MWENYEWE akijua na amekubali, kwasababu akinywa pombe juu yake mapigo yanakwenda mbio, presha inashuka, anatapika, na kuna waliokufa. Ukimwekea kwenye chai kwa siri hajui kama anatakiwa akae mbali hata na dawa ya kikohozi yenye spiriti. Usithubutu.

Na nyie wanafunzi mnaoishi na wenzenu niwaambie mawili ambayo wodini tunayaona kila mara.

La kwanza, mtu anayekunywa pombe kali kila siku asifungiwe chumbani aache kwa nguvu. Mnaona mnamsaidia, mmechukua chupa zote mmefunga mlango. Ndani ya siku moja mbili anaweza kupata degedege, siku ya pili tatu anaweweseka anaona wadudu ukutani, homa, jasho, na bila matibabu anaweza kufa. Apelekwe hospitali apewe dawa ya kushusha taratibu na vitamini B1. Kuacha pombe ghafla kunaua, watu hawalijui hili kabisa.

La pili ni kwa wa unga (heroini) na vidonge vya maumivu vile vikali. Mtu aliyekaa soba miezi mitatu mwili umesahau. Akiteleza siku moja akatumia kiasi kile kile alichokuwa anatumia zamani, pumzi inakata. Hao wanaotoka soba ndo wanaokufa kirahisi. Ukimkuta rumeti wako amelala haamki, anakoroma kwa kukwama kwama au anahema mara chache, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na mbio hospitali na ukifika sema ametumia nini. Msiogope aibu mkadanganya ni malaria, kuna sindano ya kumrudisha lakini lazima tujue.

#7

Asante sana nesi. Mimi ni mwanafunzi na nipo kwenye methadoni, dawa ya kuachia unga, ni mara ya kwanza nalisema mahali popote.

Unga nilianza kabla ya chuo, mtaani kwetu Kinondoni. Sasa hivi naamka saa kumi na moja, saa kumi na mbili na nusu niko kwenye foleni kliniki, napewa kikombe kidogo nakunywa mbele ya nesi halafu naongeshwa kidogo ahakikishe nimemeza, ndo naondoka. Kila siku, Jumapili, sikukuu, mvua, mgomo wa daladala. Ni bure kabisa, tangu ilipoanza pale Muhimbili mwaka 2011 haijawahi kuwa ya kulipia. Ila kipindi cha saa moja siwezi kukiwahi hata nifanyeje. Lekcha mmoja alikuwa anafunga mlango dakika kumi baada ya kuanza, nikakosa mahudhurio nusu asiniruhusu kufanya mtihani. Ningemwambiaje? Kwamba mheshimiwa nilikuwa nakunywa dawa ya mateja?

Aliyeniokoa ni CR wetu, kiongozi wa darasa. Sijui aligunduaje, sikumwambia. Alikuja akaniambia kaka najua asubuhi una mambo yako, nimeongea na yule lekcha semina yetu ihamie saa kumi jioni darasa zima wamekubali. Hakuuliza mambo gani. Mpaka leo hajauliza.

#8

Samahani kaka #7 sio kwa ubaya, ila methadoni si ndo unga mwingine tu wa serikali? Umebadilisha muuzaji.

#9 yule wa #7

Sijachukia, hata mama yangu aliuliza hivyo. Kete moja inakupandisha halafu ndani ya masaa machache inakushusha, alosto inaanza, pua inachuruzika, mifupa inauma kama inavunjwa, unaiba simu ya rumeti ili upate nyingine. Methadoni ukishapata dozi yako sawa haikupandishi na haikushushi, inakushika siku nzima. Mimi sasa nasoma. Nilikuwa siwezi kukaa kwenye kiti masaa mawili, wiki iliyopita nimepiga msuli maktaba kuanzia saa tisa mpaka wamezima taa. Niite unavyotaka.

Shida yangu sasa hivi ni fildi, mafunzo kwa vitendo. Nimepangiwa wiki nane mkoa ambao hauna kliniki. Nikikaa siku mbili bila dozi nimekwisha.

#10 Muuguzi

#7 wahi mapema. Nenda kwa daktari wa kliniki yako sasa, usisubiri wiki ya kusafiri, halafu omba fildi ibadilishwe iwe mji wenye huduma. Dodoma ipo, Mbeya ipo, Mwanza ipo, na mingine. Kliniki inakuhamisha kwa barua na dozi yako inaandikwa. Sababu ya kubadilisha chuoni unaweza kuandika ni matibabu endelevu, inatosha.

#11 Mleta uzi

Hilo la barua ni muhimu nikaze hapo. Wengi wanaharibu kwasababu wanapotea kimya. Mtu anaona aibu anaenda soba bila kuaga, chuo kinamhesabu mtoro, anadisko (anafutwa chuo), mkopo unakatika, akirudi hana pa kurudi na hiyo peke yake inamrudisha kwenye chupa. Andika barua ya kuahirisha masomo kwa sababu za kiafya, ambatanisha ya daktari, peleka nakala na kwa afisa mikopo. Yangu iliandikwa "matibabu ya muda mrefu" basi. Nakala zangu zilikaa kwa dada kwenye bahasha ya kaki, ndo zilizonirudisha chuo mara zote mbili.

Na mnaofanya kazi ofisi za washauri wa wanafunzi kama mnasoma humu, nawaomba kwa unyenyekevu, pokeeni hizo barua ndani, mlango umefungwa. Ile foleni iliyogeuka kunitazama nimeiota miaka.

#12 kutoka Eldoret

Niaje wadau, huku Kenya ni same tu, badilisha boom weka HELB, mkopo wa wanafunzi wa huku. HELB ikiingia makomredi wanajaa base za pombe mpaka Jumapili. Mimi niliacha pombe nikiwa third year, niliwapigia NACADA, mamlaka ya huku ya kupambana na pombe na madawa, 1192, ni bure na huitishwi jina. Huyo dada wa "umekula" amenigusa sana aisee. Mimi wangu alikuwa mama mboga hapo gate ya hosteli, nilimwambia tu siku moja mama nimeacha pombe nisaidie, akawa ananiwekea plate ya githeri (mahindi na maharage) kila jioni saa moja, nikikosa kupita anatuma mtoto aniite. Huwezi kunywa vizuri na mtoto amesimama mlangoni anakuita supper.

#13 Mleta uzi

Kaka wa Eldoret umenikumbusha, soba tulifundishwa vitu vinne vinavyomrudisha mtu: njaa, hasira, upweke, uchovu. Mwanafunzi wa chuo anakuwa navyo vyote vinne kila wiki ya yuii (mitihani ya mwisho wa muhula), hajala, amegombana na mtu wa kikundi kazi, yuko mwenyewe na hajalala siku mbili. Ndo maana sahani ya githeri inafanya kazi kuliko mawaidha. Huku Tanzania namba ya bure ya Mamlaka ya dawa za kulevya ni 119, iandikeni.

#14 kutoka Minneapolis

Salamu kutoka kwenye baridi. Nasoma huu uzi nimeshangaa maana nafanya usafi na ulinzi usiku huku na nimeishi karibu na chuo cha Augsburg, ni cha Walutheri, na Walutheri wa Iringa wanakuja huku sana kwahiyo wengine mtakuwa mnakijua. Wana mpango wao unaitwa StepUP tangu 1997. Wanafunzi walioacha pombe na madawa wanaishi pamoja jengo moja, wana washauri wao wanakutana nao kila wiki, wanasaini makubaliano hakuna kilevi ndani, na Ijumaa usiku wanapiga muziki wanapika wanacheza kama vijana wengine. Rutgers kule New Jersey walifungua nyumba ya namna hiyo toka 1988. Kwahiyo #2 hapo juu, wenzetu walishaona zamani kwamba mtu akirudishwa chumba kile kile na watu wale wale anarudi kule kule, sio roho mbaya yake.

#15

Minneapolis kuna hela za kujenga jengo. Sisi hata vyumba vya kawaida havitoshi watu wanabebana kitanda kimoja.

#16 Mleta uzi

Jengo hatuna ndio. Ila chumba kimoja chenye vitanda vinne tunacho. Wadeni wa hosteli akiamua chumba hiki kiwe cha wasiokunywa, wa dini wapo, wa mazoezi wapo, na mwenzetu anayetoka soba apewe kitanda humo bila bango mlangoni, hiyo haihitaji bajeti. Mimi sikuhitaji washauri kumi. Nilihitaji chumba kisichonuka bia na mtu wa kula naye Ijumaa. Ijumaa tulikuwa tunaenda na wale rumeti wangu kununua dagaa na mchicha kwa ajili ya kupika, saa kumi na mbili mpaka saa tatu tunapika na kubishana mpira, nikiangalia saa muda wa hatari umepita.

Mama Tanga, amefika salama?

#17 Mama Tanga

Amefika mwanangu. Vidonge nilirudisha, nesi Mungu akubariki. Baba yake alimsindikiza mpaka stendi wakaongea wawili. Nilimsomea huu uzi wote, alikaa kimya muda mrefu halafu akasema mama kadi kaa nayo wewe. Sasa naogopa, mimi niko mbali, hiyo siku yenyewe ikifika nifanye nini?

#18 Mleta uzi

Mpigie asubuhi kabla ujumbe haujaingia mama, na muongee mambo ya kawaida. Umwambie mpunga umepanda bei, umwambie habari za paka. Saa nane hadi saa mbili usiku ndo masaa mabaya, hapo asiwe peke yake. Kama hana mtu mimi nipo Dar, nitumie ujumbe wa faragha, nitakuja hosteli kwao nimkute getini.

#19 yule wa #7

Na mimi nipo. Nikishatoka kliniki siku yangu yote nyeupe.

#20 Mama Tanga

Mrejesho wanangu. Boom liliingia jana saa tano kasoro. Alinipigia yeye kabla sijampigia. Sauti ilikuwa inatetemeka akasema mama limeingia, nikamwambia haya baba, vua viatu ukae. Tukaongea mpaka salio likaisha nikaongeza. Vijana wangu wawili wa humu walimfuata, walikula pamoja sijui wapi huko, saa mbili na nusu akanitumia picha ya sufuria la wali umeungua chini. Ameniambia niwaulize mmepatana Ijumaa ijayo nani analeta dagaa.